Nehemia Aliomba na Barua Pia

Wewe mwanafunzi wa chuo kikuu unayetafuta ufadhili wa mradi wako wa likizo ndefu, soma Nehemia 2 kabla hujaniletea fomu niiombee.

Nehemia alianza kufunga na kuomba mwezi wa Kisleu. Ilipofika Nisani, kama miezi minne baadaye, mfalme Artashasta akamuuliza anataka nini. Akaomba tena kimoyomoyo, kisha akajibu. Akataja muda atakaokaa. Akaomba barua za maliwali wa ng'ambo ya Mto, na nyingine ya Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme, apewe miti ya malango, ya ukuta, na ya nyumba yake mwenyewe. Huyo mtu alikuwa na bajeti! Wewe sehemu ya bajeti umeandika "Mungu atatenda".

Lakini nisikuseme wewe tu. Kuna binti wa kanisani aliyeniomba barua ya mapendekezo. Alitaka kupima maji ya visima vya kijijini kwao. Nikamwekea mikono, nikamtabiria, na barua sikuandika mpaka siku ya mwisho ikapita. Jumapili akanisalimia kwa heshima kama kawaida. Hakuniuliza kitu. Nimetubu mbele za Bwana, na mbele yake pia.

Kwa hivyo nitumie fomu yako wiki hii, tarehe ya mwisho uiandike juu kabisa. Nitaandika barua kwanza, halafu tutaomba.