Mgeni, siku ya tatu, na jembe

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii sote tunaijua. Ila uliza ina maana gani, ndo ubishi unaanza.

Mjini siku hizi inatumika kumfukuza mtu bila kumfukuza. Inasemwa kwa utani, mgeni anacheka na wenzake, halafu usiku anahesabu nauli.

Bibi yangu, mkulima, aliielewa vingine kabisa. Kwake mgeni ni wa kupewa kiti na maji. Ukimpa jembe umeshamtoa kwenye ugeni: kesho mnakwenda shamba pamoja, na jioni hali kwa hisani ya mtu, anakula jasho lake.

Nyerere naye aliichukua mwaka 1962, kwenye kijitabu chake cha Ujamaa, kuonyesha kwamba katika jamii zetu za zamani kila mtu alifanya kazi. Akaongeza kuwa mara nyingi mgeni mwenyewe aliliomba jembe kabla hajapewa. Hapo methali ikatoka uani ikaingia kwenye siasa, na wengi wakaijua kama onyo kwa wavivu.

Asili yake nayo inagombaniwa. Wapo wanaoiunganisha na hadithi ya Mtume kwamba haki ya mgeni ni siku tatu, na inayozidi ni sadaka. Wengine wanasema jembe lenyewe ni ushahidi, hii ni ya wakulima wa bara. Mimi naona hoja zote mbili zinapwaya. Hadithi inampa mgeni siku ya tatu, methali inamnyima. Na jembe si la bara peke yake. Unguja na Pemba nako watu wanalima.

Ninachokiona wazi ni kilichopotea njiani. Mjomba wangu alikuja Dar kutibiwa macho. Tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena. Siku ya tano jamaa mmoja pale nyumbani akaitoa methali, kiutani utani. Mjomba, aliyelima mahindi maisha yake yote, akauliza taratibu: "Sawa baba, jembe lenyewe liko wapi?" Watu wakacheka. Kesho yake alfajiri tukamkuta anafagia uwanja, na haoni vizuri.

Swali lake halikuwa utani. Kwenye vyumba viwili vya kupanga hakuna shamba, hakuna jembe, na bei ya unga inajulikana. Simlaumu mwenye nyumba anayehesabu siku. Lakini tumebaki na hesabu tu. Ile nusu ya pili, ya kumpa mtu nafasi ya kuwa mwenyeji, tumeiacha shambani, na bado tunasema tunafuata busara za wazee. Wazee gani? Bibi yangu angeona tumemnyima mgeni vyote viwili, kiti na jembe.

Kwenu inatumikaje? Na huyo mgeni akiisikia, anabaki au anafunga mzigo?