Mafunjo na Magimbi

Mfereji wa Nakivubo hupita katikati ya Kampala, na mji mzima huufanya jalala. Maji ya machinjio, ya karakana na ya vyoo vya mabondeni huingia humo na kuishia katika Ghuba ya Murchison, Ziwa Victoria. Kilomita chache kutoka hapo, kule Ggaba, ndiko tunakovuta maji ya kunywa. Wageni wakiambiwa hudhani ni utani.

Kati ya mfereji na ziwa pana kinamasi cha mafunjo. Mafunjo hunyonya naitrojeni na fosforasi iliyomo katika uchafu. Vitu hivyo vikifika ziwani, mwani hustawi na maji hugeuka kijani. Mwani ukifa, bakteria wanaouozesha humaliza oksijeni. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021, sangara wengi waliokufa walionekana wakielea kwenye fukwe za Uganda. Watu walisema ni sumu. Wataalamu walitaja upungufu wa oksijeni. Sangara hastahimili hali hiyo. Kamongo, ambaye sisi Waganda twamwita mmamba, hupanda juu akavuta hewa kama mtu. (Msimchanganye na mamba wa Kiswahili! Mimi ni wa ukoo wake, kwa hiyo simli.)

Lakini mafunjo hayakujikata. Ssenga wangu, yaani shangazi, analima magimbi katika kinamasi hicho. Maji machafu ni mbolea ya bure. Magimbi nayo hunyonya uchafu, ila kidogo kuliko mafunjo, na kila yakichimbwa udongo hulegea ukachukuliwa na maji. Fedha za magimbi hayo ndizo zilizonilipia karo ya sekondari.

Nilipomweleza niliyoyasoma chuoni, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, wanaomwaga uchafu wana magari na maghorofa. Mbona umeanzia kwa mwenye jembe?"

Naona ana haki. Kaya nyingi za Kampala hazijaunganishwa na mabomba ya majitaka, na kumfukuza mkulima hakutaunganisha hata moja. Hata hivyo nilimwomba aache ukanda wa mafunjo upande wa ziwani. Ameacha hatua kumi hivi. Anasema si kwa ajili ya samaki wangu, ni ya kufumia mikeka.