Magurudumu ya Njia Mbili

Kazi yangu ni kunyoosha magurudumu, na nimeifanyia Hedaru kwa sababu hapa njia ni mbili. Iko lami inayotoka Segera kwenda Same na Moshi, tambarare, inayochomwa na jua kutwa nzima. Iko pia njia ya vumbi na mawe inayoiacha lami hiyo na kupanda Milima ya Pare kuelekea Vunta na Miamba. Pikapu inayoshusha tangawizi ya Miamba hupita zote mbili siku hiyohiyo. Ndiyo maana gari likiingia kwangu, kabla sijashika spana namuuliza mwenyewe: linalala wapi, na linafanya kazi wapi?

Ufundi niliupata Moshi kwa mzee mmoja aliyenianzisha na ufagio, akanipa spana, na mwisho kabisa akanipa kamba. Aliyapenda sana mashindano ya Safari ya zamani, yale yaliyokimbiwa wakati wa Pasaka kupitia Kenya, Uganda na Tanzania. Jina lililokuwa halimtoki mdomoni ni Bert Shankland, dereva wa Dar es Salaam aliyeshinda mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404. Kasi haikumsisimua. Alisisimka kwamba 404 lilikuwa gari ambalo watu walikwenda nalo kazini. "Sasa wewe jiulize," alikuwa akiniambia, "gari la mtu wa ofisini limewezaje kuvuka matope yale?" Jibu lake lilikuwa maandalizi, na maandalizi kwake yalianzia chini, palipo na tairi.

Kamba yake ninaitumia mpaka leo. Gari husimama kwenye sakafu ya saruji iliyopimwa kwa pima maji. Chini ya kila gurudumu la mbele naweka vipande viwili vya bati nene vyenye grisi katikati, ili gurudumu ligeuke bila kukwama. Usukani naunyoosha na kuufunga. Kisha navuta mshipi wa kuvulia samaki kila upande, usawa wa kitovu cha gurudumu, na kupima kutoka kwenye mshipi hadi ukingo wa mbele wa rimu, halafu ukingo wa nyuma. Ukingo wa mbele ukiwa mbali zaidi na mshipi, gurudumu linatazama ndani. Ukiwa karibu zaidi, linatazama nje. Milimita chache tu zinatosha kumaliza tairi mpya. Kabla ya hayo yote natikisa tairodi endi na boljointi. Zikicheza, sipimi, maana vipimo vya leo kesho vitakuwa vimehama, na sitachukua hela ya mtu kwa kazi ya namna hiyo.

Kijana mmoja wa Arusha alisimama kwangu na Subaru Impreza akielekea Tanga kushindana. Gari lilikuwa hilohilo moja: siku za kazi linampeleka ofisini, mwisho wa wiki linaingia kwenye rali.

"Shikamoo, mzee. Tairi za mbele zinaisha kwa ndani."

"Marahaba, mwanangu. Hayo magurudumu nani amekulazia hivyo?"

Yalikuwa yamelala ndani upande wa juu, kwa nyuzi tatu hivi. Kwenye mashindano kuna sababu. Gari likikata kona, mwili huegemea nje, na tairi iliyolazwa ndani hukanyaga chini kwa upana wake wote. Lakini kutoka Arusha hadi Tanga kona kali ni za kuhesabu, na saa zote hizo gari linatembelea bega la ndani la tairi. Kibaya zaidi, magurudumu yake yalikuwa yanatazama nje. Kulala peke yake hula tairi taratibu. Kulala pamoja na kutazama nje huimaliza, kwa kuwa tairi inaburutwa kiubavu njia nzima.

Kwenye Impreza boliti ya juu ya shokapu ndiyo inayorekebisha ulalo. Nilianza nayo, kwa sababu ukibadili ulalo, mwelekeo nao unabadilika. Nikashusha hadi nyuzi moja na nusu, kisha nikanyoosha mwelekeo. Nikaweka alama za rangi: nyeupe ya barabarani, nyekundu ya mashindano, na nikamwandikia mizunguko ya tairodi inayoendana na kila moja.

Tairi zake za rali, zenye kashata kubwa, nilimsihi azipakie nyuma. Kwenye lami ya moto kashata za namna ile hutikisika, hupata joto na kung'oka vipande. Za barabarani tulizisoma pamoja ubavuni. Penye 91H, 91 ni uzito wa kilo 615 kwa tairi moja, H ni mwendo wa kilomita 210 kwa saa. Tarakimu nne za mwisho baada ya DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Hizo ndizo za kutazama kwanza kwenye tairi za mtumba, maana kashata inaweza kuwa nene na mpira umeshakauka.

Jambo linaloniuma hapa Hedaru ni upepo wa tairi. Dereva anafika saa nane mchana, anakuta upepo umepanda, anapunguza. Upepo hupanda takriban psi moja kwa kila nyuzi sita za joto. Ni kawaida yake, na mtengenezaji alishalihesabu hilo. Usiku ubaridi ukiingia, tairi ile inabaki laini, ubavu unajikunja, kujikunja kunazaa joto, na joto linapasua. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Wanaoshusha upepo ili kupanda mawe ya Vunta nawaomba waujaze tena kabla ya kukanyaga lami, hasa wenye mzigo.

Gari la njia mbili linahitaji seti mbili za tairi. Asiyeweza kununua mbili anunue za njia anayopita kila siku, na magurudumu yake yanyooshwe kwa njia hiyohiyo.