Kabla Hujamwuliza Jirani Kama Ameokoka

Bristol, Uingereza

Watu wangu wa Eldoret,

Shangazi yangu wa Langas ameniuliza kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia, mbele ya ukoo mzima, nimeleta Wazungu wangapi kwa Yesu tangu nifike huku. Akaongeza kwamba kama nilikuja kuogesha wagonjwa na kutuma pesa tu, heri ningebaki nyumbani. Binamu zangu nao wakabandika vikatuni vya mikono ya maombi, utadhani mimi ndiye niliyelazwa. Shangazi, nakupenda, na pesa ya mabati najua uliipata. Ila swali lako linataka barua.

Huko kwetu Injili haingoji kukaribishwa. Ukipanda matatu ya Kapsabet, mhubiri ameshasimama mlangoni kabla gari halijajaa. Steji kuna spika, sokoni kuna spika, na Ijumaa kesha la jirani linakuhubiria kitandani mwako, upende usipende. "Umeokoka?" huulizwa kabla mtu hajajua unaitwa nani. Wachache hukasirika, kwa kuwa karibu kila anayesikia hujiita Mkristo: katika sensa ya 2019 Wakenya zaidi ya 8 kati ya 10 walijiandikisha hivyo.

Huku ni kinyume. Sensa ya 2021 ya Uingereza na Wales ilikuta Wakristo ni asilimia 46, mara ya kwanza kushuka chini ya nusu, na asilimia 37 wakasema hawana dini. Hapa Bristol, kanisa la zamani la St Werburgh sasa ni mahali pa kufanyia mazoezi ya kukwea kuta, na lile la St Paul, Portland Square, liligeuzwa kuwa mahali pa kufundishia sarakasi. Na huu ndio mji ambamo John Wesley alianzia kuhubiri nje, mwaka 1739, akiwafuata maskini na wachimba makaa ya mawe ambao hawakukanyaga kanisani. Jengo lake, New Room, bado lipo. Wahubiri wetu wa steji ni wajukuu zake bila kujua, lakini kwa wenyeji wa hapa siku hizi dini ni kama mshahara: huwezi kumwuliza mtu.

Kazini ndiyo usiseme. Kanuni za wauguzi huku zinakataza kumweleza mtu imani yako kwa namna isiyofaa. Muuguzi Caroline Petrie wa Weston-super-Mare, karibu na hapa, alimwuliza mgonjwa mmoja mzee kama angependa kuombewa. Mgonjwa akakataa, habari ikafika kwa wakubwa, na Desemba 2008 Petrie akasimamishwa kazi. Alirudishwa Februari 2009 baada ya watu wengi kupiga kelele. Huyo ni Mwingereza, kwao. Fikirieni mgeni mwenye viza ya kazi.

Msidhani basi tumefungwa midomo. Huku mtu huulizwa, tena sana. Usiku wa manane mwenzako asiye na dini anataka kujua ulipata wapi moyo wa kumnyamazia mgonjwa aliyekutukana. Bibi wa kitanda cha dirishani anauliza Jumapili ulikuwa wapi. Hapo mwenye mlango kaufungua mwenyewe, na utakachosema kitasikilizwa. Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, aliwaagiza waumini wawe tayari kumjibu anayeuliza, tena kwa upole. Sisi wa Eldoret tumefaulu sana katika kujibu. Kungoja swali ndiko kulikotushinda.

Kwa hiyo wauguzi mnaofunga mizigo kuja huku, sikieni. Mgonjwa akitaka maombi, mwite kasisi wa hospitali. Yupo, na analipwa kwa kazi hiyo. Ukitaka kumwombea kimya, omba. Hakuna kanuni inayofika moyoni. Ukiulizwa wikendi ilikuwaje, usifiche kwamba ulikwenda ibadani, sema kisha nyamaza. Fika kabla ya zamu kuanza, maana huku mlokole anayechelewa hana ushuhuda. Na siku yako ya mapumziko waite wenzako nyumbani, uwapikie chapati na chai ya maziwa. Kwenye meza hiyo maswali huja yenyewe.

Sasa niwageukie ninyi. Kwetu hatuulizwi, na hilo lingefaa kutunyima usingizi kuliko kesha lolote. Mama wa maziwa unayemzungusha kila mwisho wa mwezi hana haja ya kuuliza unaabudu wapi. Spika imeshamwambia, na daftari lake la madeni limemwambia yaliyobaki.

Kiambaa mnaijua. Katika ghasia za baada ya uchaguzi, tarehe 1 Januari 2008, watu waliteketezwa ndani ya kanisa walimokimbilia, pahali ambapo Injili ilikuwa imehubiriwa miaka na miaka. Spika hazikuwa zimepungua. Siku zilezile Askofu Cornelius Korir alifungua uwanja wa Kanisa Kuu la Sacred Heart kwa maelfu waliofurushwa, wengi wao si wa kabila lake. Kisha akaingia vijijini, akawaketisha pamoja waliopigana na kuwatafutia kazi za kushirikiana, hadi kifo chake Oktoba 2017. Hata wasio Wakatoliki walimlilia. Mtu wa namna hiyo hana haja ya kukuuliza kama umeokoka. Wewe ndiye utakayemwuliza anamwabudu Mungu wa namna gani.

Basi mchungaji akitangaza krusedi nyingine, mwombeni aisogeze mbele mwezi mmoja. Katika mwezi huo kila muumini alipe deni la maziwa, amlipe msichana wa kazi mshahara wake wote, na aende kumsabahi yule jirani wa kabila lingine ambaye hajamsemesha tangu uchaguzi. Mkimaliza, kodini spika. Huenda mkakuta watu wamefika kabla yenu, na maswali mkononi.

Wenu wa zamu ya usiku.