Mungu Mwaminifu katika Mji Unaolia



Miezi michache baada ya mwezi wa pili wa mwaka 2025, mji wetu ulipoingia mikononi mwa M23, msichana mmoja wa darasa la kipaimara hapa Ibanda alituuliza swali ambalo hatukutaka kulijibu kwa haraka. Duka la baba yake lilikuwa limeporwa, na kaka yake mkubwa alikuwa ameondoka bila kujulikana alipofikia. Akasema: «Mwalimu, kila Jumapili tunaimba kwamba Mungu ni mwaminifu. Mtu akituuliza ametutimizia nini, tumjibu namna gani?» Wenzake walinyamaza, na ukimya wao ulituonyesha kwamba swali lilikuwa la wote. Tulimwambia kwamba Biblia yenyewe imeliuliza kabla yake, na kwamba tutalitafuta jibu pamoja. Haya tunayowaandikia ni matunda ya kutafuta huko.

Sisi tunaowaandikia tumevuka umri wa miaka hamsini. Tulisomea ualimu, na kazi ya katekista imetukuta tukiwa bado na vumbi la chaki mikononi. Mwalimu hujifunza mapema kwamba neno lisiloeleweka likirudiwa mara nyingi huwa wimbo tu. Kwa hiyo tulianza na neno lenyewe.

Lugha yetu ya Kiswahili imetupa zawadi ambayo pengine hatuitambui. Sikilizeni maneno haya: imani, amani, amana, amini, mwaminifu. Yote yametoka katika shina moja la Kiarabu, lenye maana ya kuwa salama na kuaminika. Nalo neno «Amina», tunalolisema mwishoni mwa kila sala, limetoka katika Kihebrania, lugha iliyo ndugu wa Kiarabu, na shina lake ni lile lile. Anayesema «Amina» anasema: hili ni imara, ninaweza kuliegemea.

Katika Agano la Kale, shina hilo halikai mbinguni tu. Linaitaja miimo ya mlango wa Hekalu, ile inayobeba uzito bila kuonekana sana. Linamtaja mlezi anayembeba mtoto mchanga kifuani. Ndivyo Naomi anavyoitwa mwishoni mwa kitabu cha Ruthu, alipompokea mjukuu mikononi mwake. Tena, katika kitabu cha Kutoka, sura ya 17, tunasoma habari ya vita na Waamaleki. Musa alisimama kilimani akiinua mikono, nayo ikachoka. Haruni na Huri wakamketisha juu ya jiwe, wakamshikilia, mmoja upande huu na mwingine upande ule, na mikono yake ikabaki imara mpaka jua likachwa. Neno la Kihebrania linalosema kwamba mikono ile ilikuwa imara ni «emuna», lile lile ambalo baadaye Zaburi zinalitumia kuusifu uaminifu wa Mungu.

Tutafakari jambo hilo. Wengi wetu tunauwaza uaminifu wa Mungu kama ukuta unaozuia risasi, njaa na wizi visitufikie. Biblia inatuonyesha mwimo unaobeba, mlezi anayebeba, mikono iliyochoka inayoshikiliwa hadi jioni. Vita vya Waamaleki havikufutwa siku ile. Aliyechoka alishikiliwa ili asianguke.

Tuliuliza tena: Maandiko Matakatifu yanausifu uaminifu huo mahali gani? Kitabu cha Maombolezo kiliandikwa juu ya majivu ya Yerusalemu, mji ulioangamizwa na Wababeli mwaka 587 kabla ya Kristu. Ndani yake watoto wanawaomba mama zao chakula na kuzimia njiani. Kitabu kina sura 5, na sura ya tatu, iliyo katikati, inaanza kwa malalamiko ya aya 20: mtu amefungiwa gizani, sala yake imezuiwa, na Mungu anaonekana kwake kama simba anayevizia. Hapo hapo, bila mji kujengwa upya, bila adui kuondoka, mtu yule anakumbuka kwamba huruma za Bwana hazijakwisha, kwamba zinakuja upya kila asubuhi, na kwamba uaminifu wake ni mkuu. Kisha machozi yanarudi. Sura ya mwisho inamalizika kwa kumuuliza Mungu kama amewatupa kabisa watu wake.

Zaburi ya 89 ni vivyo hivyo. Neno «emuna» linatajwa humo mara 7. Nusu ya kwanza inaimba ahadi aliyopewa Daudi. Nusu ya pili inamshitaki Mungu waziwazi kwamba ameitupa taji ya mfalme mavumbini, na inamuuliza ziko wapi fadhili alizoapa. Kanisa halikuifuta nusu hiyo ya pili. Tunaisali. Basi kijana anayelia mbele ya Mungu na kumdai ahadi yake hajapoteza imani. Anasali kama Zaburi ilivyomfundisha, maana hakuna anayemdai mtu ambaye hategemei lolote kutoka kwake.

Mfano wa tatu ulitugusa zaidi, kwa sababu sisi watu wa Bukavu tunajua thamani ya kiwanja. Katika sura ya 32 ya Yeremia, Wababeli wameuzingira mji, na nabii mwenyewe amefungwa katika ua wa walinzi. Binamu yake anamjia na kumwomba anunue shamba lililoko Anathoti. Nani ananunua ardhi siku ambayo adui yuko mlangoni? Yeremia alipima shekeli 17 za fedha, akatia sahihi mbele ya mashahidi, akamwagiza Baruku aiweke hati katika chungu cha udongo ili idumu siku nyingi. Alitaka watu waone kwamba Mungu amesema: nyumba na mashamba vitanunuliwa tena katika nchi hii. Uaminifu wa Mungu ulipata mwili katika mtu aliyetoa fedha yake mwenyewe kwa ajili ya kesho asiyoiona.

Sasa tutoke Yerusalemu, turudi hapa kwetu. Wazazi wenu wanajua jina la Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, ambaye wengi walimwita Mzee. Alizaliwa mwaka 1926, akawa padri mwaka 1958, baadaye akaingia shirika la Wajesuiti, na mwaka 1994 akakabidhiwa Jimbo Kuu la Bukavu. Mwaka huo huo wakimbizi kutoka Rwanda walijaa katika mji na vijiji vyetu. Aliwatetea wakimbizi, akawatetea wananchi, akawakemea wenye silaha bila kuchagua upande. Vita vilipotukaribia mwaka 1996, alibaki. Katika barua zake za mwisho aliendelea kutumaini kwamba Mungu hatatuacha. Jioni ya tarehe 29 mwezi wa kumi alisimamishwa na askari hapa Nyawera, katika Ibanda yetu, akauawa. Amezikwa penye kanisa kuu la Mama Yetu wa Amani.

Wakati ule sisi tulikuwa mwalimu kijana. Tunakumbuka habari ilivyopita kutoka mlango hadi mlango kwa sauti ya chini. Tunakumbuka pia majuma yaliyofuata, tulipoirudia shule na kukuta madawati mengi yamegeuzwa kuni. Watoto walikuja na mawe na vipande vya mbao vya kukalia. Na katika shirika letu, yaani jumuiya yetu ndogo ya Kikristu, mama mmoja mjane aliwapokea watoto wawili waliopotezana na wazazi wao njiani. Alikuwa na wake wanne. Tulipomuuliza atawalishaje wote, alijibu: «Mwalimu, mtoto habebwi kwa maneno, anabebwa mgongoni.» Hakujua Kihebrania, lakini alikuwa amelifafanua neno la kitabu cha Ruthu kuliko sisi tuliolisoma.

Aliyemfuata Munzihirwa ni Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko. Baada ya ujumbe wake wa Noeli ya 1999, uliokemea unyonyaji wa watu wetu, wenye mamlaka wa wakati ule walimzuia kurudi Bukavu mwezi wa pili wa mwaka 2000, akabaki Butembo kama aliyehamishwa. Alirudi mwezi wa tisa, waamini wakampokea kwa furaha kubwa. Tarehe 4 mwezi wa kumi wa mwaka huo huo alifariki huko Italia. Mji uliokuwa umeimba ukalia tena.

Mtu anaweza kuyatazama makaburi hayo na kusema: kumbe Mungu hakuwalinda waaminifu wake. Hatutalificha hilo. Mungu hakumwahidi yeyote wetu kwamba hatapigwa, na hata Mwanaye alipigwa. Msalabani Yesu alisali Zaburi inayouliza kwa nini Mungu amemwacha, na siku ya tatu Baba akamfufua. Jibu lilikuja upande wa pili wa kaburi. Ndiyo maana Kitabu cha Ufunuo kinampa Yesu jina la ajabu: yeye ni Amina, shahidi mwaminifu. Mtakatifu Paulo naye anawaandikia Wakorintho kwamba ahadi zote za Mungu zimepata «ndiyo» yake ndani ya Kristu. Tukimtazama Mfufuka, ambaye bado ana alama za misumari, tunajua maana ya kusema kwamba Mungu ni mwaminifu: amekuja mpaka pale tulipoumia, na hakuishia pale.

Hivyo aliyetuuliza ametutimizia nini tunaweza kumjibu hivi: tangu 1996, katika mji huu, mikono iliyochoka imeshikiliwa. Palikuwa na mchungaji aliyebaki, na mjane aliyebeba, na wazazi ambao, mshahara wa mwalimu ulipokosekana, walichanga kidogo walichokuwa nacho ili darasa lisifungwe. Hatuwezi kuhesabu hayo kuwa bahati tu. Sisi tunayaona kuwa ni kazi ya Mungu, anayewashika watu wake kwa mikono ya watu wake.

Na hapa, vijana wapendwa, neno linawageukia. Mmejaliwa ndugu katika mbingu aliyekuwa karibu na umri wenu. Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyesomea sheria, alifanya kazi ya kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia nchini. Alikataa hongo ya wale waliotaka apitishe chakula kilichoharibika, kwa sababu aliwaza wale watakaokila. Aliuawa mwezi wa saba mwaka 2007, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 mwezi wa sita mwaka 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri, huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta. Afya ya watu asiowajua ilikuwa amana mikononi mwake, naye akailinda. Ninyi pia mmekabidhiwa amana: mtihani wa serikali bila kununua alama, fedha ya kikundi inayohesabiwa mbele ya wote, ahadi mliyompa mdogo wenu kwamba mtamsindikiza shuleni, urafiki ambao hauvunjwi kwa sababu ya kabila. Kijana anayefungua daftari lake leo, wakati wengine wanasema masomo hayana faida tena, ananunua shamba la Anathoti.

Huenda mmoja wenu anasema: mimi tayari nimeanguka. Waraka wa pili kwa Timoteo unamjibu: tukikosa uaminifu, yeye hudumu kuwa mwaminifu, kwa kuwa hawezi kujikana mwenyewe. Uaminifu wake haukuanza na wetu, wala hauishi pamoja nao. Mlango wa kitubio uko wazi.

Katika mkutano wenu ujao, tunawaomba msome sura yote ya tatu ya Maombolezo, malalamiko kwa sauti ile ile mnayosomea sifa. Kisha kila mmoja amtaje mtu mmoja aliyewahi kumshikilia mikono, na mtu mmoja ambaye mikono yake yeye ataishikilia juma hilo. Nanyi mkifika kwenye Misa ya Jumapili, padri akiuinua Mwili na Damu ya Bwana mwishoni mwa sala ya Ekaristi, itikieni «Amina» bila kunong'ona, pamoja na wote waliolala wakilitumaini neno hilo.

Ee Mungu mwaminifu, uliyeishika mikono ya Musa hadi jioni, uishike mikono ya vijana wa Ibanda. Uwape imani isiyoogopa kukuuliza, uwafanye walinzi wa amana uliyowapa, na uijalie nchi yetu amani. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.