Vyuma Vidogo vya Mashini na Mshono wa Vipande

Desturi zikitajwa katika mji wetu wa Goma, watu wengi wanafikiri kwanza ngoma, mahari, majina ya watoto, au ugali na sambaza wa Ziwa Kivu. Mashini ya kushona hakuna anayeihesabu. Inaonekana kama kitu cha juzi, kitu kilichotoka nje. Lakini ukitembea katika jamaa zetu utakuta mashini iliyokuwa ya nyanya, ikaenda kwa mama, na leo iko kwa mjukuu. Vizazi vitatu, kwetu sisi, vinatosha kuita kitu desturi. Hapa tunataka kuandika juu ya sehemu ndogo sana ya desturi hiyo: vile vyuma vidogo vinavyofungwa kwenye mashini za zamani ili mshono uende sawasawa, hasa katika kazi ya kuunga vipande vya vikwembe viwe mfuniko wa kitanda, kuvreli kama tunavyosema.

Mashini nyingi za wazee wetu ziliandikwa Singer, jina la kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1851. Kiwanda chake kikubwa cha Clydebank, kule Scotland, kilifanya kazi karibu karne moja mpaka kilipofungwa mwaka 1980. Watu wa pwani waliita chombo hicho cherehani, neno lenye asili ya Kiajemi, charkh, maana yake gurudumu. Sisi wa huku, kwa sababu ya Kifaransa, tukabaki na mashini. Baada ya vita vya 1939-1945 Wabelgiji waliongeza katika miji zile nyumba za mafundisho kwa wanawake zilizoitwa fwaye sosyali, na masista nao walikuwa na vyumba vyao vya kushona. Tusiwasifu kupita kiasi: walitaka kumtengeneza mke wa nyumbani kwa mfano wao, afue, apike, atulie. Lakini vidole vilijifunza kitu, na mke yule hakutulia kama walivyotaka, alianza kuuza.

Baadaye zikaja mashini za China, na hasa Butterfly ya Shanghai, ile yenye picha ya kipepeo. Mtu akiziangalia kwa haraka atadhani ni kitu kingine. Kumbe ile ya kawaida, nyeusi, imefuata umbo la Singer namba 15: namna ya kushika sindano, namna ya kukaza mguu, urefu wa ule mti unaobeba mguu. Kwa hiyo chuma kidogo kilichotoka Clydebank kabla ya uhuru wetu kinaingia mara nyingi bila shida kwenye Butterfly iliyonunuliwa juzi sokoni Virunga. Jambo hili mafundi wengi vijana hawalijui, na linawagharimu feza.

Singer ilikuja na sanduku lake. Ndani mlikuwa na mguu wa kupinda ukingo, mwingine wa kukunja marinda, mwingine wa kuvalisha utepe kwenye shingo, chuma cha kuweka mikunjo midogo chenye ulimi unaotia alama mahali pa mkunjo unaofuata. Ukivigeuza chini utaona neno SIMANCO, kifupi cha jina la kiwanda. Katika vyote hivyo, viwili ndivyo vinavyotuhusu. Cha kwanza ni kiongozo cha kitambaa, kipande cha chuma kilichosimama kama ukuta mdogo, kinachofungwa kwa skurubu upande wa kuume wa sindano. Cha pili ni mguu wenye vidole vifupi na fimbo nyembamba iliyopindwa, unaoweza kuisogeza kushoto au kuume.

Kwa nini vyuma vya namna hii, na macho yapo? Fundi mmoja wa Birere alitujibu hivyo hivyo: «Mwalimu, macho yangu njo metri yangu.» Hatumpingi. Akishona libaya, mwili unasamehe. Mshono ukila milimita mbili kiunoni, mwenye nguo atavuta pumzi kidogo na harusi itaendelea. Kuvreli ya vipande haisamehe, na sababu yake ni hesabu tu.

Tuchukue vipande vya mraba ambavyo, vikishashonwa, kila kimoja kiwe sentimita 10. Mshono wetu unakula milimita 6 kila upande, basi tunakata sentimita 11,2. Safu moja ina vipande 12, maana yake mishono 11. Sasa fundi ashone kwa milimita 7 badala ya 6. Kila mshono umekula milimita moja zaidi upande huu na moja upande ule, jumla mbili. Mara 11 ni milimita 22. Safu ya pili ameishona jioni, amechoka, mkono umelegea, mshono ni milimita 5. Safu hiyo imezidi kwa milimita 22. Ukizilaza pamoja, tofauti ni milimita 44, zaidi ya vidole viwili, na makosa yenyewe hayakupita milimita moja! Bamama wanajua mwisho wake: unavuta safu fupi, inakunja, unalegeza ile ndefu, inafanya mifuko, pembe za vipande hazikutani. Mnunuzi haelewi hesabu hii, lakini anaona kitu kimepinda na anashusha bei mpaka faida inaisha. Wanafunzi wetu wamekuwa wakiuliza kuzidisha kwa desimali kutawasaidia nini. Jibu liko kitandani.

Na vipande vyenyewe si uchafu wa kutupa. Piesi moja ya kikwembe, yadi 6, inakatwa mara tatu, yadi mbili mbili, yaani karibu mita 1,83 kila kikwembe. Shingo ikikatwa, mikono ikikatwa, pembe zinabaki. Zamani mama fundi aliziweka katika mfuko na kungoja masika, au kungoja binti aolewe. Kati ya uso wa vipande na kitambaa cha chini aliweka blanketi iliyochakaa, kwani mji wetu uko juu, karibu mita 1.500, na usiku kunaweza kuwa na baridi sana. Katika kuvreli moja unaweza kusoma miaka ya jamaa nzima: hiki ni kikwembe cha siku ya Mama Fulani kuolewa, hiki cha kilio cha babu, hiki cha kwaya ya parokia.

Turudi kwenye kiongozo. Kwenye kitako cha kichwa cha mashini, yaani ile sehemu bapa inayokaa mezani, angalia kuume kwa sahani ya sindano. Kwenye Singer 15, na kwenye nakala zake nyingi, kuna matundu mawili madogo ya skurubu. Mara nyingi hayaonekani, yamejaa mafuta, nyuzi na lile vumbi jeusi la Nyiragongo linaloingia popote. Yasafishe kwa sindano nzee na tone la petroli ya taa. Kisha chukua karatasi ya kaye, ikate ukingo wake ukiwa umenyooka, pima milimita 6 toka ukingoni, chora mstari. Weka karatasi chini ya mguu, zungusha gurudumu kwa mkono mpaka sindano itoboe mstari wenyewe. Sogeza kiongozo kiguse ukingo wa karatasi, bila kugusa meno yanayovuta nguo, kisha kaza skurubu.

Usiamini bado. Kata vipande vitatu virefu vya upana wa sentimita 5, viunge sambamba, vipige pasi, halafu upime kile cha katikati. Kimekula mshono pande zote mbili, kwa hiyo kinapaswa kubaki milimita 38. Kikiwa 37, kiongozo kiko mbali nusu milimita, kisogeze. Mara nyingi kitakuwa pungufu hata kama ulipima vizuri, kwa sababu mkunjo wa kitambaa nao unakula unene wa uzi. Ndiyo maana tunapima baada ya pasi. Jaribio hili linachukua dakika kumi na linaokoa siku tatu za kufumua. Baada ya hapo macho yanapumzika: mkono unasukuma kitambaa kikiegemea ule ukuta mdogo, na mshono wa saa kumi na moja jioni unakuwa sawa na wa asubuhi.

Ule mguu wenye fimbo ni wa hatua inayofuata, pale unaposhona juu ya matabaka yote matatu ili blanketi ya ndani isikimbie. Vidole vyake vifupi vinapanda juu ya unene bila kuusukuma mbele. Ukishapiga mstari wa kwanza, unasogeza fimbo kwa nafasi unayotaka, sentimita 4 kwa mfano, na unaiacha itembee juu ya mstari uliokwisha shonwa wakati sindano inachora mwingine. Mistari yote inakuwa ndugu. Mashini mpya zenye kushona zigizaga zina faida zake, lakini tundu la sahani yao ni pana na ncha ya kipande inaweza kuzama humo mwanzoni mwa mshono. Mashini nzee, yenye tundu moja dogo na mshono ulionyooka tu, ndiyo mwalimu bora wa kazi hii. Haihitaji umeme, na ukiifunga mkono badala ya pedali, hata mtu asiyeweza kutumia miguu anashona. Mafundi wa namna hiyo hapa Goma tunao, na kazi yao ni safi.

Basi vyuma vilikwenda wapi? Sisi tunaona vilipotea njiani. Angalia namna mtu anavyokimbia na mashini. Kichwa kimeshikwa na bawaba mbili; ukilegeza skurubu zake kinatoka, zaidi ya kilo 10 za chuma, na mtu anakibeba kichwani. Meza inabaki. Na sanduku la vyuma lilikuwa wapi? Katika mtoto wa meza. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo iliposhuka mjini mpaka ziwani, watu walivuka kwenda Gisenyi na vichwa vya mashini. Meza zikaungua chini ya mawe. Novemba 2012, vita. Mei 2021 mlima tena, kisha lile agizo la kuhama. Mwishoni mwa Januari 2025, vita tena ndani ya mji. Kila mara mashini zilirudi, au sehemu yake, zikawekwa kwenye meza mpya za mbao zisizo na mtoto. Na kile kidogo kilichobaki kiliuzwa kwa kilo pamoja na vyuma vikuukuu, kwa sababu mtoto wa marehemu hakujua ni kitu gani.

Jina likipotea, chombo nacho kinapotea. Katika shule zenye kupe-kutire wasichana wanasoma kuchora mfano, kupima, kukata, na wanafanya vizuri. Mashini wanayofundishiwa mara nyingi ina mguu mmoja tu. Tuliwahi kuweka mezani vyuma sita vya zamani mbele ya wanafunzi wanaomaliza, wakakijua kimoja. Bibi mmoja jirani, ambaye shule hakuikalia sana, alivitaja vyote kwa majina yake mwenyewe: kile cha kupinda ukingo anakiita konokono, kwani kitambaa kinaingia bapa na kutoka kimejiviringa. Tunaonelea majina kama hayo yaandikwe sasa, katika kijitabu hiki au kingine, pamoja na picha. Waliobaki kuyajua ni wachache, na wamezeeka.

Mafundi wetu hawakukaa mikono mitupu. Wengine wanabandika tabaka za skochi juu ya kitako mpaka upatikane ukuta. Wengine wanakata kipande cha chambreri ya pikipiki na kukigundisha. Tumeona hata sumaku ya spika ya redio iliyokufa ikifanya kazi ya kiongozo, na inafanya vizuri, isipokuwa inavuta pini zote za mezani na ikigongwa inahama. Kwa mashini hizi za mikono na miguu sumaku haina hatari. Ni akili hiyo, na inastahili heshima. Hata hivyo inafaa ipimwe upya kila asubuhi kwa vile vipande vitatu.

Anayebahatika kupata kiongozo cha kweli aangalie skurubu yake. Singer ilitumia uzi wake wa skurubu, tofauti na zile za kawaida za kwinkaye. Ukilazimisha ya sokoni, unaharibu tundu, na tundu likiharibika hakuna dawa rahisi. Na asirudishe chuma sandukuni kila jioni kama tulivyofundishwa kutunza vitu. Kikae kimefungwa kwenye kitako, hata kikigeuzwa nyuma kisizuie kazi nyingine. Mguu wenye fimbo ufungwe kwa uzi mgumu kwenye mkono wa mashini. Kichwa ndicho kinachobebwa.