Kidonge Usikiruke, Mwanangu

Tanga, Februari

Mwanangu mpenzi,

Baba yako kanieleza kwamba usiku hulali, unaamka shuka limelowa chepechepe, na darasani fukuto hukupanda kifuani hadi usoni wanafunzi wakikutazama. Nimesikitika. Kisha akaniambia kuna siku kidonge unakiruka ili upumzike na joto, na hapo ndipo nilipochukua kalamu.

Nami nilimeza tamoksifeni baada ya upasuaji wa saratani ya titi, nalijua joto hilo. Uvimbe wa aina yetu hustawi kwa estrojeni, na kidonge kinaziba mlango ambao homoni hiyo huingilia. Lakini ubongo nao huitegemea estrojeni katika kupima joto la mwili. Ikizuiwa, ongezeko dogo tu la joto huonekana kubwa. Mishipa ya ngozi inafunguka, moyo unakwenda mbio, jasho linamwagika. Joto hilo linatokana na dawa, si dalili kwamba ugonjwa umerudi. Inamezwa miaka 5, wengine 10, na kinga yake hubaki hata baada ya kumaliza. Ukiiacha kimyakimya hutasikia maumivu yoyote ya kukuonya, ndiyo maana naiogopa njia hiyo.

Anza na kitanda. Lile godoro bado lina nailoni ya dukani? Itoe leo, inahifadhi joto kama sufuria lenye kifuniko. Tandika shuka la pamba, na juu yake khanga kuukuu, ili ikilowa uivute tu na kutandika nyingine bila kumwamsha mwenzio. Chandarua usikivue, malaria haina huruma. Tafuta kile cha pembe nne, kipana, kisichokubana, na feni ikielekee. Umeme ukikatika, uwe na beseni la maji na kitambaa cha kuweka shingoni. Shuleni vaa pamba tupu ndani ya baibui, na uache zile nguo za kung'aa zisizopitisha hewa.

Chunguza pia kinachokuchochea wewe. Mwingine ni kahawa, mwingine pilipili, mwingine chai ya moto kabla ya kulala. Chai yenyewe kunywa, ila iache ipoe.

Ukiona hayo hayatoshi, mwambie daktari wazi, wala usione haya. Zipo dawa za kupunguza fukuto, kama venlafaksini na gabapentini, na anaweza hata kukubadilishia kidonge. Ila kila anayekuandikia dawa ajue unatumia tamoksifeni, kwa sababu baadhi ya dawa za sonona, paroksetini mojawapo, huipunguzia nguvu. Na zile chupa za mitishamba wanazokuletea mawifi eti za kurudisha ujana, usizionje kabla daktari hajaziona. Nyingine zina vitu vinavyofanya kazi kama estrojeni ile ile tunayoikimbia. Vidonge vya homoni vya wanawake waliokoma hedhi navyo si vyako.

Jasho lenye homa na kutetemeka usilisingizie kidonge, kapime malaria. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikubana ghafla, nenda hospitali saa hiyo hiyo, maana tamoksifeni huweza kugandisha damu. Damu ikikutoka ukeni bila kutarajia, usingoje tarehe ya kliniki.

Mumeo naye mwambie, asije akadhani unamkimbia kitandani. Wengi wetu tuliteseka zaidi kwa kuficha kuliko kwa joto lenyewe.

Kliniki yako ni wiki ijayo. Andika kwenye karatasi fukuto linakujia mara ngapi na saa ngapi, andika na siku ulizoruka kidonge, umpe daktari asome. Ukitoka kwake nipigie unieleze alilokwambia. Lakini cha leo kimeze leo.

Shangazi yako